Barua Zisizorudi: Tathmini ya Huduma ya Baruapepe ya Duka Moja la Tabora

Chama chetu cha wafugaji nyuki hapa Tabora kilinunua huduma ya baruapepe mwezi Februari mwaka jana kutoka kwa duka dogo la kompyuta na steshenari, lililo mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya reli. Sitalitaja jina, kwa kuwa wenyewe wametutendea uungwana katika mambo mengi na sehemu ya kasoro nitakayoieleza wamekwisha kuirekebisha. Lakini wasomaji wa Tabora na Kigoma wanaofikiria kununua huduma ya namna hii, iwe kwao au kwingine, wanastahili kujua maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Mimi ni katibu wa chama, mstaafu, na kabla ya kustaafu nilihudumia kompyuta za ofisi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nakiri mapema kwamba ninaitazama huduma hii kwa jicho la mtu aliyekwisha kupoteza barua nyingi katika njia nyingi.

Tulichouziwa ni jina letu wenyewe la kikoa linaloishia na .or.tz, masanduku matano ya barua, na ahadi ya mdomo kwamba fundi atapatikana kwa simu siku sita za wiki. Tulilipa shilingi 150,000 kwa mwaka, jina la kikoa likiwa ndani yake, na risiti ya mashine tulipewa palepale bila kuidai. Jina lilisajiliwa kwa jina la chama, si kwa jina la duka. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa sababu naifahamu taasisi moja ambayo iligundua siku ya kugombana na fundi wake kwamba anwani zote zilizochapishwa kwenye barua na mabango yake ni mali ya fundi.

Kazi ya kuanzisha ilifanyika vizuri. Fundi wao, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuja ofisini asubuhi, akawaamkia wazee wote waliokuwa barazani, kisha akakaa na mhazini wetu, mama ambaye hakuwahi kutumia baruapepe ya ofisi, hadi akaweza mwenyewe kupokea barua, kuijibu na kuambatisha picha ya ankara. Hakumharakisha, wala hakumnyang'anya simu mkononi ili amfanyie, kama wafanyavyo mafundi wengi. Zile rekodi zinazouthibitishia ulimwengu kwamba barua zetu zimetoka kwetu kweli, zikiwemo za SPF, aliziweka siku ileile, na tangu hapo sijasikia mteja akilalamika kwamba barua yetu imeangukia katika takataka. Kama tathmini hii ingeandikwa mwishoni mwa Aprili, ningemaliza hapa na kuwapa alama zote.

Mwezi Mei duka lilituhamisha kutoka seva moja, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua, kwenda nyingine, likisema kwamba ile mpya ina kasi zaidi. Tulipewa taarifa kwa ujumbe wa simu siku moja kabla, na kwa kweli hatukuhisi chochote: anwani zilibaki zilezile, maneno ya siri yaleyale, na barua za zamani zote zilikuwepo. Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na mama mwenye nyumba ya wageni Kigoma mjini, upande wa Mwanga, ambaye huchukua kwetu ndoo za asali kwa ajili ya wageni wake.

"Shikamoo mzee wangu. Mbona mmenisusa? Nimeagiza mara tatu kwa baruapepe na hamjibu."

Nilimwuliza kama barua zake zilirudi na maelezo yoyote. Hazikurudi. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa maana barua inayorudi ni tatizo dogo: mtumaji anajua kwamba haikufika, anapiga simu, mambo yanaendelea. Barua isiyofika na isiyorudi humwacha mtumaji akiamini kwamba umempuuza, na kwa mfanyabiashara huo ni msiba. Nilimwomba aniandikie kutoka anwani yake binafsi ya Gmail, na barua ikaingia kabla hatujakata simu. Akaandika tena kutoka anwani ya nyumba ya wageni, na hakikuingia kitu. Nilipompigia fundi alinijibu kwa upole, "Mzee, subiri saa 48, DNS inasambaa," akimaanisha kwamba habari za kuhama kwetu bado hazijafika kote katika orodha ya majina ya mtandao, ingawa tangu tuhamishwe zilikuwa zimepita saa zaidi ya mia tano.

Jibu la saa 48 lingempotosha mtu asiyejua barua hizi zilivyokuwa zikisafiri zamani. Katika mitandao ya kwanza ya kompyuta zilizotumia mfumo wa Unix, iliyounganishwa kwa programu ya UUCP ambayo Mike Lesk aliiandika Bell Labs katika miaka ya 1970, mtumaji ndiye aliyeandika njia yote ya barua, kituo kwa kituo, akitenganisha majina ya mashine kwa alama ya mshangao. Lau mtandao huo ungekuwa reli yetu ya kati, mtu wa Dar es Salaam anayemwandikia mama huyu angelazimika kuandika dodoma!tabora!kaliua!kigoma!mama, na mtu wa Mwanza anayemwandikia mama huyohuyo angeandika shinyanga!tabora!kaliua!kigoma!mama, hivyo kwamba mtu mmoja alikuwa na anwani nyingi kwa kadiri ya mahali walipo wanaomwandikia. Ndiyo sababu watu wa wakati ule walipoweka anwani zao chini ya barua walianzia katika mashine kubwa inayojulikana na wengi, kama ihnp4 ya Bell Labs kule Illinois, au decvax, au seismo, wakimwachia mwandishi atafute mwenyewe jinsi ya kufika hapo. Mashine zilipigiana simu kwa modemu, mara nyingi usiku gharama zinaposhuka, na kila moja ilikata jina lililotangulia katika njia na kuisukuma barua mbele. Barua ya vituo vitano iliweza kuchukua siku kadhaa.

Barua nyingi zilipotea, sitaki kuupamba mfumo ule. Lakini mtumaji alikuwa na njia nzima mkononi mwake. Kituo kikikwama, alikitambua kwa kuhesabu kwa kidole, na kesho yake aliandika njia nyingine inayokikwepa, kama abiria anayesikia kwamba daraja limekatika akapanda basi. Baadaye Steven Bellovin na Peter Honeyman waliandika programu iliyoitwa pathalias, ambayo ilisoma ramani ya vituo na kupendekeza njia nafuu, na kazi ya kukariri vituo ikapungua. Ubaya ni kwamba baadhi ya vituo vilianza kujiona vinajua ramani kuliko mtumaji, vikafuta njia aliyoiandika kwa makusudi na kuweka yao, na barua iliyotumwa ikwepe kituo kibovu ikarudishwa kulekule kwenye kituo kibovu.

Ugomvi uliofanana kabisa na wetu wa Mei, hata hivyo, ulitokea pale mitandao yenye desturi tofauti ilipounganishwa. Ray Tomlinson alikuwa ameteua alama ya @ mwaka 1971 ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti (na hata uteuzi huo haukumfaa kila mtu, kwa kuwa katika mfumo wa Multics kubonyeza @ kulifuta mstari mzima uliokuwa umekwisha kuuandika). Sasa tazama anwani iliyochanganya desturi mbili: tabora!mama@kigoma. Mashine iliyofuata kanuni za ARPANET ilisoma @ kwanza, ikaipeleka barua Kigoma ili Kigoma iirudishe Tabora. Mashine ya UUCP ilisoma alama ya mshangao kwanza, ikaipeleka Tabora ili Tabora iipeleke Kigoma. Kila moja ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu chake, kila moja iliamini kwamba imetimiza wajibu, na barua ileile ilikwenda pande mbili tofauti kutegemea ni nani aliyeipokea mwanzo. Wengine walijaribu kukwepa utata huo kwa alama ya asilimia, mama%tabora@kigoma, na programu ya sendmail ya Eric Allman ililazimika kubeba kanuni za kutafsiri desturi hizi zote, kanuni zilizoandikwa kwa alama zenye kutisha kiasi kwamba aliyezielewa aliheshimiwa kama mganga.

Mimi mwenyewe nilikutana na uchawi wa namna hiyo mwaka 1991 nilipokuwa masomoni Uingereza. Mtandao wa vyuo vya huko, JANET, uliandika anwani kinyume na ulimwengu mwingine, ukianza na nchi na kumalizia na idara: uk.ac, kisha chuo, kisha idara. Barua iliyotoka nje ilipaswa kugeuzwa langoni, na mashine za katikati mara nyingine zililazimika kubahatisha ncha ipi ni kichwa na ipi ni mkia. Idara za sayansi ya kompyuta nyingi zilijiita cs, na cs ndizo herufi walizopewa watu wa Chekoslovakia kuwa za nchi yao, hivyo barua iliyomhusu mhadhiri wa jengo la pili iliweza kuonekana kama barua ya Prague. Nilimwandikia msimamizi wangu swali kuhusu tarehe ya kuwasilisha kazi, sikujibiwa kwa siku tisa, nikaenda mlangoni kwake nikiwa nimenuna. Yeye alikuwa amenuna zaidi, kwa kuwa alidhani sijaandika kazi.

Dawa ya vurugu hizo ilikuja kwa hatua. Mwaka 1982 ziliandikwa kanuni za SMTP, yaani za jinsi mashine zinavyokabidhiana barua, na za umbo la barua, mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta mfumo wa majina ya vikoa tunaouita DNS, na mwaka 1986 Craig Partridge akaeleza jinsi rekodi ya MX inavyotumika kuiambia dunia ni mashine gani inayopokea barua za jina fulani. Tangu hapo jina likatenganishwa na njia. Mama wa Kigoma anaandika jina letu tu, seva yake inauliza DNS, "Barua za hawa zinapokelewa wapi?", inajibiwa, inapeleka. Ni kwa sababu ya uvumbuzi huo duka liliweza kutuhamisha seva bila sisi kubadilisha hata herufi moja, na kwa hilo nawashukuru wote waliohusika, wa Marekani na wa karibu na stesheni.

Lakini utaratibu huo una tundu moja, nalo ndilo duka letu liliangukia. Seva huuliza DNS pale tu inapoamini kwamba barua ni ya mahali pengine. Ikiwa katika orodha yake ya ndani imeandikwa kwamba jina hilo ni la hapohapo, haimwulizi mtu: inaichukua barua, inaiweka katika sanduku lililo ndani yake, na kwa hesabu zake kazi imekwisha. Fundi alitufungulia masanduku kwenye seva mpya, akabadilisha rekodi ya MX ielekee huko, lakini hakulifuta jina letu kwenye seva ya zamani. Ile ya zamani ikaendelea kuamini kwamba sisi bado ni wapangaji wake. Na nani waliobaki kwenye seva ya zamani? Wateja wengine wa duka hilohilo, ikiwemo nyumba ya wageni ya Kigoma. Dunia nzima iliweza kutuandikia isipokuwa wateja wenzetu. Ndoo zetu za asali zilikuwa zikifika Kigoma kwa treni, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ilhali barua ya kuziagiza ilishindwa kuvuka kati ya seva mbili za mwenye duka mmoja.

Sikuyagundua haya kwa ujanja wowote mkubwa. Kila barua hubeba juu yake mistari ambayo kila mashine iliyoipokea huigonga kama mhuri wa posta, ikitaja imepokea kutoka kwa nani na saa ngapi, na mistari hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Nilimwomba mama wa Kigoma aitume barua moja kwetu na kwa anwani yake ya Gmail kwa pamoja, kisha anipelekee mistari hiyo ya nakala ya Gmail. Mhuri wa chini kabisa ulitaja seva ambayo jina lake nililikumbuka: lilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo tuliyopewa Februari. Nikaichukua karatasi, nikavaa kofia, nikatembea hadi dukani.

Fundi alisoma karatasi, akasoma mhuri, akanyamaza kidogo. Kisha alinivutia kiti upande wake wa meza, akaifungua seva ya zamani mbele yangu, akaingia katika sanduku la mauzo. Barua 23 zilikuwa humo, hazijafunguliwa, tatu kati yake za mama wa Kigoma, ya kwanza ikiwa na salamu ndefu na swali kama bado tunauza asali ya nyuki wadogo.

"Samahani sana mzee," alisema. "Hapa nimeteleza mimi."

Nilipenda jibu hilo kuliko lile la saa 48, na ninaliandika ili lihesabiwe upande wa duka. Alifuta jina letu kwenye seva ya zamani palepale, akazihamisha zile barua 23 zote na tarehe zake, na mama wa Kigoma akaandika ya nne, ikaingia.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa macho ila inanikera zaidi, kwa sababu ilikuwa ya makusudi. Duka huwawekea wateja wote sanduku linalomeza kila barua iliyoandikwa kwa jina lisilokuwepo, kwa hoja kwamba hakuna kitakachopotea. Mteja akikosea akaandika mauso badala ya mauzo, barua yake haimrudii; inaingia katika sanduku hilo, ambalo hakuna aliyetuambia lipo wala neno lake la siri. Kanuni za SMTP tangu 1982 zinamtaka anayeipokea barua aifikishe au amrudishie mtumaji habari kwamba imeshindikana, na sanduku lisilofunguliwa ni namna ya kuikubali barua bila kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nimeomba letu liondolewe, na limeondolewa. Wateja wengine wakaulize la kwao.

Kuchelewa silihesabu kuwa kosa. Mwezi Agosti seva mpya ilizima karibu siku nzima, na barua zote za siku hiyo ziliingia usiku, kwa kuwa seva za watumaji huishikilia barua na kujaribu tena. Kanuni zinapendekeza zisikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Wazee wa hospitalini wanaokumbuka miaka ya 1990, wakati shirika la SatelLife lilipopeleka barua za madaktari wa Afrika kwa setilaiti ndogo iliyobidi isubiriwe hadi ipite juu, watanielewa.

La tatu ni postamasta. Kanuni hizohizo za zamani zinataka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani ya postmaster, inayosomwa na binadamu, ili mtu yeyote duniani aliyeona barua zikipotea njiani apate pa kusemea bila kumjua mwenye nyumba. Mwezi Juni niliandika kwa anwani hiyo katika kikoa cha duka lenyewe, nikaeleza tatizo letu kwa ufupi na adabu. Sikujibiwa. Baadaye fundi alinieleza, bila ubishi, kwamba hiyo anwani siku hizi hakuna anayeitumia na kwamba watu hupiga simu. Ni kweli watu wa Tabora tutapiga simu. Lakini msimamizi wa seva ya Nairobi au ya Mumbai anayeona barua zetu zikizunguka hawezi kuijua namba ya kijana wa karibu na stesheni, na barua yake yenye msaada ilikuwa inatumbukia katika lile sanduku la kumeza.

Mengine nayapitisha haraka. Ukurasa wa kusomea barua kwa kivinjari una maandishi madogo mno kwa simu, na mhazini wetu ameacha kuutumia. Nafasi ya kuhifadhi inatosha. Simu ya fundi hupokelewa Jumatatu hadi Jumamosi kama walivyoahidi, isipokuwa saa ya mchana, nayo siwalaumu.

Kwa anayetaka kununua kwao, namshauri aombe mambo mawili yaandikwe kwenye ankara: kwamba akihamishwa seva, jina lake litafutwa kwenye seva ya zamani siku hiyohiyo na jaribio lifanywe kutoka kwa mteja mwingine wa duka, si kutoka Gmail, na kwamba barua iliyoandikwa kwa jina lisilokuwepo itarudi kwa mwenyewe. Mwenye duka alikubali kutuandikia yote mawili kwa kalamu, akagonga muhuri, na akatupunguzia shilingi 30,000 kwenye malipo ya mwaka wa pili bila kuombwa.

Kabla ya kulipa niliandika tena kwa postmaster wa duka, mstari mmoja tu, nikiuliza kama kuna mtu. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Saa sita kasoro jibu liliingia: "Shikamoo mzee. Imefika."